Nguzo ya Werema

Kemambo,
3 Juni 1956

Kaka Athanas,

Shikamoo. Huku tunapumua sote, na ng'ombe wako watatu nao wanapumua. Sitakuandikia zaidi habari zao, maana ukianza kujibu mambo ya ng'ombe unajaza karatasi nzima na kusahau ulichoulizwa.

Nina habari kubwa. Wazee wametupa ghala la babu Mniko liwe shule! Walikaa siku mbili wakamaliza madebe matatu ya pombe ya wimbi, na siku ya tatu wakaniita mimi, mwanamke, nikasimama mbele yao kama mshtakiwa. Watoto wangu arobaini na mmoja wataacha kusomea uani kwa katekista Selestine, ambako jua likiwaka tunahama na mvua ikinyesha tunafunga. Padre atakuja kutazama. Akiridhika, shule itaandikwa, nami nitaitwa mwalimu kweli, si msichana anayechezea chaki.

Lakini wazee wana masharti. Lile ghala, walisema, si banda la mtu mmoja. Babu alilijenga wakati wa Wadachi, baada ya sotoka kumaliza ng'ombe, na kila ukoo ulileta nguzo yake ukaichonga chapa ya ng'ombe wake, hata wale ambao hawakubaki na ng'ombe wa kupiga chapa. Mwaka wa njaa, yeyote aliyekuja na kikapu aliondoka na wimbi, awe ndugu au adui. Kwa hiyo libaki kama lilivyo. Mviringo wake usipigwe kona, paa liwe la nyasi, chapa zisiguswe na randa, na mlango ubaki mfupi vile vile. Mzee mmoja alisema mlango ule ulimfundisha kila mtu kuinama mbele ya chakula, na sasa utamfundisha kuinama mbele ya kitabu. Nilimpenda siku hiyo. Tumeruhusiwa kutoa vihenge vya ndani, kutoboa madirisha matatu na kusawazisha sakafu kwa udongo na samadi.

Fundi ni Joram, kutoka Turwa, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Jana alizunguka akigonga nguzo kwa mpini wa nyundo. Zile kumi na mbili za pembeni zililia kama mti unavyolia. Akagonga ya katikati, ikalia kama kibuyu kitupu. Akachomeka patasi, ikazama mpaka kwenye mpini, akaitoa na vumbi. Mchwa, kaka. Nje limebaki ganda zuri, ndani unga mtupu. "Mwalimu," akaniambia, "hii ibadilishwe kabla ya mvua."

Nguzo ile ni ya Baba, na hapo ndipo tulipokwama. Babu alipokufa, Baba aling'oa ya babu akasimika yake. Na hii ya Baba utaing'oa wewe mwanawe, siku Werema atakapokuwa si wa dunia hii. Kuing'oa leo ni kumzika mtu ambaye hakuna aliyeona kaburi lake. Huu ni mwaka wa kumi tangu aende kwenye mashamba ya chai Kericho, na wa saba tangu wewe umfuate huko ukarudi kusema hakuna anayemjua. Mama ameleta kigoda chake ghalani. Anakaa ameegemea ile nguzo, anapepeta wimbi, na ukimtajia mchwa anajibu, "Mume wangu hajafa mpaka mwanangu aniambie."

Basi mwambie. Au mwambie vingine. Wewe ndiye mwana, na neno lako moja litatutoa hapa.

Mdogo wako,
Agustina


Kisaka,
27 Juni 1956

Mwalimu Agustina,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya ukuta wa josho, mbuzi wa watu wakinitafuna suruali. Habari za ng'ombe wangu umeninyima makusudi, nami nataka kujua kama yule mwekundu amepona kwato. Umeona? Nimekwisha kusahau nilichoulizwa.

Nimefurahi, dada, usidhani ni utani tu. Unakumbuka tulivyojificha ndani ya kihenge, ukatoka unajikuna siku tatu kwa makapi ya wimbi? Mtoto yule leo anapewa ghala zima na wazee. Ningekuwa karibu ningechinja.

Lakini nguzo msiiguse. Mama ana haki yake. Mtu kwenda si mtu kufa. Wangapi wamekaa Kenya miaka kumi na tano wakarudi na viatu na wake wengine? Mimi sina neno la kumpa Mama zaidi ya lile nililompa. Mwambie Joram aweke miti minne ya kuegemeza, afunge kwa kamba za ngozi mbichi, zikikauka zitabana kuliko misumari. Fundi akiona mti wa zamani anaona kazi mpya, ndivyo walivyo.

Na jambo jingine, hili ulisome peke yako. Siku Baba atakapoitwa marehemu, Mama ni mjane, na mrithi wa mjane huyo kwa desturi ni baba mdogo Magige. Ulimwona Gati mke wake alivyorudi kwao, mkono umepinda kama mundu. Wazee hao hao wa mlango mfupi watampongeza Magige na kumnywea pombe. Sasa fikiri kama una haraka sana na nguzo.

Mimi siwezi kuja. Sotoka imeonekana kwa nyumbu upande wa mbugani, na sisi wachanjaji tumekatazwa kutoka. Regina anakusalimu, tumbo limekuwa kubwa.

Ni mimi,
Athanas


Kemambo,
22 Julai 1956

Kaka,

Shikamoo. Nilikuuliza kama Baba yu hai, ukanijibu habari za Magige. Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta jibu nyuma ya maneno, kama mtu anayetafuta sindano kwenye makapi. Wewe unaogopa kitu, au unajua kitu? Si mambo yanayofanana.

Habari ya Magige ninaijua, usinifanye mtoto. Lakini Mama ana wanawe. Anaweza kuja kwako Kisaka, akakaa na mjukuu, na huyo Magige akabaki na desturi yake. Hukulifikiria hilo? Au kuna sababu nyingine?

Kazi imeendelea vizuri kuliko nilivyotazamia. Madirisha yametobolewa, na Joram ameyapa umbo la mviringo yafanane na nyumba, hata wazee wanauliza kama hayakuwepo tangu zamani. Vihenge tulipovitoa, wimbi la miaka mingi lilimwagika kutoka kwenye nyufa, jeusi kama risasi, na wanawake walilizoa na kuondoka nalo kimya, kila mmoja kidogo. Watoto wameanza kuzijua chapa. Binti mmoja, Wegesa, kila asubuhi anaisalimia nguzo ya ukoo wao kabla hajanisalimia mimi.

Miti yako minne imesimikwa. Nilimuuliza Joram kama itatosha. Akasema, "Mwalimu, miti hii inaegemeza mti. Haiegemezi unga." Nyasi zikilowa, alisema, paa lile litakuwa zito mara mbili.

Magige alikuja Jumamosi. Hakuinama vizuri, akagonga kichwa mlangoni, watoto wakacheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya Baba akaibonyeza kwa kidole, ganda likapasuka. "Imeoza," akasema kwa sauti ya kufurahi. "Imeoza kama habari za mwenyewe. Mnangoja nini?" Nilitaka kumjibu, lakini kaka, niliona aibu, maana maneno yake yalikuwa yangu. Sisi wawili tu katika kijiji kizima ndio tunaotaka nguzo ile itoke.

 Mama alichovya vidole kwenye samli akapaka ule ufa, taratibu, kama anavyompaka mtoto aliyeungua.

Agustina


Kisaka,
19 Agosti 1956

Dada mpendwa,

Regina amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya mnada. Tumemwita Efrazia. Mwambie Mama kwanza hili, kabla ya mengine.

La pili, ninampa dereva wa lori la pamba debe la oili chafu. Joram aimimine kwenye nguzo kwa juu, mchwa hawapendi.

La tatu ni jema. Hapa Kisaka amepita Mjaluo mmoja muuza samaki. Tukaongea, nikamtajia Baba, akasema mwaka jana alimwona Kisumu gatini mtu wa namna hiyo, Mkurya mrefu mwenye pengo la meno ya mbele, anapakia magunia. Hakumjua jina. Lakini pengo ni pengo. Msomee Mama maneno haya yote. Mwambie avumilie.

Unaniuliza kwa nini asije kukaa kwangu. Mke wa mtu haondoki bomani kwa mumewe bila mumewe kujua. Akija huku, kila mtu Kemambo atajua maana yake, na Magige atapanda lori la kwanza. Muache pale alipo. Pale ni mke wa Werema, na hakuna mwanamume mwenye ruhusa ya kuweka fimbo yake mlangoni kwake na kulala humo.

Athanas


Kemambo,
30 Septemba 1956

Kaka Athanas,

Shikamoo, na hongera ya mtoto. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza.

Kisha nikamsomea habari ya Kisumu. Nilidhani atalia, au atacheka, au ataanza kufunga mizigo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisome tena pale penye pengo la meno. Nikasoma. Akaendelea kupepeta. Ungo ulipoisha akasema, "Mwanangu ana moyo mzuri. Tangu mdogo, akivunja chungu anakwenda kukifukia ili nisione vipande." Kisha akaniagiza hivi, na nimeapa kuandika kama alivyosema: "Muulize kama ule mkanda bado unamshika." Sijui mkanda gani. Nilimuuliza, akaniambia wewe unajua.

Padre alikuja mapema, tarehe ishirini. Ni mtu mrefu, kwa hiyo aliinama sana. Alisimama katikati akitazama paa jinsi fito zinavyokutana juu, akashika chapa moja moja kwa kidole, akasema amekwisha kuona shule nyingi za bati zilizofanana na makopo, na hii ni ya kwanza kuona iliyofanana na watu wake. Ameiandika. Kaka, mimi ni mwalimu. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia peke yangu, kisha nikanawa uso na kurudi.

Aliiona nguzo ya Baba, Mama akiwa chini yake. Akauliza miti minne ile ni ya nini. Nikamjibu ni desturi. Joram alinitazama, nikageuza uso. Nimekuwa mwongo kama mtu mwingine yeyote.

Mvua imeanza. Alfajiri nikiingia kufagia nakuta unga mpya umemwagika chini ya nguzo, kila siku kidogo. Mama naye akifika anaufuta kwa kiganja kabla watoto hawajaingia. Hatuzungumzi juu yake. Oili yako ilipita ndani kama maji kwenye chekecheke, ikatokea chini.

Nakuomba kwa mara ya mwisho, na sitakuomba tena. Kama una neno, lilete.

Agustina


Kisaka,
7 Novemba 1956

Agustina,

Watoe watoto humo ndani. Fanya hilo kwanza, kisha urudi usome.

Barua yako imekaa mfukoni mwangu siku kumi na nane. Kila siku niliitoa nikasoma pale penye mkanda, nikairudisha. Sijui kama Mama alikuwa ananiuliza au ananiambia.

Baba amekufa. Alikufa Julai 1947, mwaka mmoja tu baada ya kuondoka, kwa kichomi, kwenye kambi ya wachuma chai. Huko bila kipande cha kujitambulisha hupati kazi, naye akaazima kipande cha Mkisii mmoja, akaandikwa kwa jina la huyo, akafa kwa jina la huyo. Ndiyo maana hakuna karatasi iliyoletwa kwa chifu wala kwa mtu. Nilipofika mwaka wa arobaini na tisa nikamtaja Werema, wote wakatikisa vichwa. Siku ya nne mpishi mmoja akaniambia, "Yule wa pengo, aliyekuwa akiimbia ng'ombe wakati hakuna ng'ombe?" Akanipeleka. Ni kijiti chenye namba, nyuma ya kambi, na majani yamekwisha kupita juu. Mpishi alikuwa ametunza mkanda wake, ule mpana wa ngozi aliojishonea mwenyewe, wenye kifungo cha shaba. Nilikaa pale mpaka jua likaniunguza utosi.

Nilikuwa ninarudi kusema ukweli. Naapa, dada. Mkanda ulikuwa ndani ya furushi, na maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikafika Sirari, mtu wa kwanza wa nyumbani niliyekutana naye ni baba mdogo Magige. Kabla sijamsalimia, kabla sijasema shikamoo, akaniuliza, "Amekufa?" Na macho yake yalikuwa yanacheka. Gati alikuwa amerudi kwao mwezi uliopita. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Hakuna anayemjua."

Nilipofika kwa Mama ilikuwa imekwisha kuwa habari ya kijiji. Na Mama ningemwambiaje? Mjane anayejua ni mjane atanyoa, atavua, atalia kilio, na uso wake utamwambia Magige yote. Nikaona heri awe mke anayengoja. Kisumu ni uongo. Hakuna muuza samaki. Mimi ndiye niliyefanya Mama amngoje mtu wa kijiti chenye namba kwa miaka saba, na niliona ninamtunza.

Sasa ninaona ninachofanya na hizo barua zangu. Ninakuambia weka miti, mimina oili, na wewe una watoto arobaini na mmoja chini ya uongo wangu. Ng'oeni nguzo. Kama wazee wanataka mkono wangu, wafunge ghala mpaka nifike. Nitamwomba bwana mkubwa ruhusa ya siku tano, akininyima nitaondoka tu. Mama atarudi nami Kisaka siku hiyo hiyo ya kilio, Magige anione mimi kwanza.

Mwambie Mama mwenyewe, au mwambie angoje nimwambie. Hapana, usimwambie. Nitakuja.

Barua hii ninampa dereva wa pamba. Amesema Mto Mara unapanda lakini bado kivuko kinavusha.

Athanas


Kemambo,
14 Novemba 1956

Kaka Athanas,

Mama amefariki jana alfajiri. Jikaze usome, nami najikaza kuandika.

Jumamosi tarehe kumi, asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha. Nilikuwa nafundisha hesabu za kujumlisha. Joram alikuwa nje akiranda benchi. Tulisikia sauti moja tu, kama mtu anavunja kuni kwa goti. Joram akapiga kelele tutoke. Mlango ni mfupi, kaka, wewe unaujua. Wanatoka mmoja mmoja wameinama, hata mtoto mdogo anainama kwa mazoea. Nikawapanga, na Joram akawa anawavuta wengine madirishani kwa mikono. Walitoka wote. Nimewahesabu mara nyingi tangu siku ile, hata usingizini, na kila mara ni arobaini na mmoja.

Mama hakutoka. Nilipogeuka alikuwa amesimama, mgongo ameupa nguzo, miguu ameikita. Nikamwita. Akasema, "Toa watoto." Bibi mzee hawezi kushika paa, hilo hata yeye alilijua. Joram alirudi ndani kumchukua, akawa amemfikia. Paa likashuka katikati. Joram amevunjika mfupa wa bega. Mama tulimtoa yu hai, akaishi siku tatu, akiwa na akili zake mpaka mwisho.

Aliniachia maneno ya kukupa. Ni mazito kwa karatasi. Nitakuambia utakapokuja.

Tunazika leo. Hatuwezi kukungoja, mvua hairuhusu.

Agustina


Kisaka,
2 Desemba 1956

Dada yangu,

Mara tatu nimefika mtoni. Kivuko kimechukuliwa na maji, nyaya zimekatika, na upande wa pili nimewaona watu wamesimama kama mimi.

Nijibu jambo moja tu. Barua yangu ya tarehe saba ilifika lini? Ilifika kabla?

Athanas


Kemambo,
16 Desemba 1956

Athanas,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu Novemba, siku kumi baada ya Mama kufa. Selestine alinikabidhi nikiwa nafua nguo za marehemu, nikaisoma mikono ina povu. Uliiandika siku tatu kabla ya paa kushuka. Kabla ya hapo ilikuwa mfukoni mwako siku kumi na nane. Sitakufanyia hesabu hiyo, utaifanya mwenyewe.

Nilikuwa nimeapa nitakuambia maneno ya Mama uso kwa uso, lakini sitaki kuyabeba peke yangu mpaka mto ushuke. Siku ya pili baada ya paa kushuka alinishika mkono akasema hivi:

"Mwambie Athanas nilijua. Pasaka ya mwaka juzi alipokuja, aliinama kuingia ghalani, shati likapanda, nikauona mkanda wa baba yake kiunoni mwake. Werema hampi mtu mkanda ule akiwa hai. Nilikwenda shambani nikalia kilio changu peke yangu kati ya mtama, nikarudi nikampikia. Sikumuuliza. Aliona ananificha, nami nikaona akijua ninajua, atajiona ameshindwa kunitunza. Nikamwachia. Nilitaka siku moja aniambie yeye mwenyewe."

Nikamwambia, "Mama, kwa nini basi uling'ang'ania nguzo?" Akasema, "Kwa ajili ya Magige. Kama Athanas tu."

Miaka miwili na nusu, kaka. Mlikuwa mnalinda mlango mmoja, mmoja ndani, mmoja nje, na kila mmoja anadhani mwenzake amelala. Neno moja kati yenu lingetosha. Mngepanga siku, ungekuja na lori, angeondoka nawe na kigoda chake, na nguzo ingeng'olewa asubuhi ile ile. Nami ningewasaidia. Mimi niliyewabebea maneno yenu yote sikujua nilichokuwa nabeba. Nina hasira na wewe, na nina hasira na yeye, na yeye siwezi kumwambia.

Wazee walibishana juu ya maziko. Nguzo ilianguka yenyewe, hakuna mkono ulioing'oa, kwa hiyo kwa desturi Werema bado yu hai. Mama amezikwa kama mke ambaye mumewe yuko safarini. Hatukunyoa. Magige alikuja, akakaa mbali, akaondoka kabla ya chakula. Mjane wa kumrithi hayupo.

Juzi nimesimama mbele ya wazee tena, nikawasomea barua yako yote, hata pale Sirari. Magige alikuwepo, akatazama chini.  Yule mzee wa mlango akasema shule isife. Nguzo kumi na mbili zimesimama na chapa zake, ukuta uko, mlango uko. Paa litafumwa upya. Joram amekwisha kukata mti mpya, mzeituni wa porini, akiuchagua kwa mkono mmoja. Umelazwa nje, umemenywa gome, unangoja. Lakini hakuna atakayetoa kisiki cha Baba na kusimika wako isipokuwa wewe, na siku hiyo ndipo tutawalilia wote wawili. Watoto wanasomea tena uani kwa Selestine. Ikinyesha tunafunga.

Maji yakishuka, njoo. Vaa mkanda ule nje ya shati, watu wauone. Mlango tumeuacha ulivyokuwa, utainama kama kila mtu.

Agustina